Florence Nanjala, Mwanamke wa Kiasi

Siku Florence Nanjala alipoenda kuomba kazi kwa masista wa Kihispania, aliulizwa ajieleze kwa neno moja. Swali la ajabu, lakini wageni ndivyo walivyo. Angeweza kusema mwaminifu, kama wasemavyo wote, hata wezi. Angeweza kusema mchapa kazi. Yeye alifikiri kidogo, akaweka mikono juu ya mapaja, akasema kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne: "Moderate."

Ilikuwa mwaka wa 1998, kwenye zahanati ndogo ya mabati iliyo mbele ya Isinya ukielekea Kajiado mjini, pale ambapo upepo haujui kupumzika. Sista Remedios ndiye aliyekuwa daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta ya vidonda. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Akavuta kamusi yake nene ya Kiingereza na Kihispania, akapitisha kidole. Kumbe lile neno moja lilikuwa na watoto wengi upande wa pili. Mtu asiyezidisha mambo, akasoma Sista, ni moderado, na kwa kuwa wewe ni mwanamke, moderada. Anayepima maneno kabla ya kuyatoa ni mesurado. Hali ya hewa isiyo joto wala baridi ni templado. Bei isiyoumiza ni módico. Kidole kikashuka hadi mwisho, kwa mwanafunzi asiye mjinga wala mwerevu, naye akaitwa mediocre. Hapo Sista akacheka na kuifunga kamusi.

"Hiyo ya mwisho tumwachie mtu mwingine," alisema. "Na ninyi mnasemaje?"

"Sisi tunasema kiasi," Nanjala akajibu. "Yote hayo ni kiasi."

Kazi akapewa, si kwa sababu ya kiasi chake, bali kwa sababu ya ulimi wake. Masista walikuwa wanatafuta mtu wa kusimama kati yao na akina mama wa Kimaasai, na Nanjala alikuwa na Kiingereza cha shule, Kiswahili cha mtaani na Kimaa cha sokoni. Kibukusu chake, lugha aliyonyonya nayo kule Kimilili, hakuna aliyekiulizia.

Kimaa alikipata Kitengela. Alikuwa amefika huko mwaka wa 1992, akimfuata mumewe, Lennox Wakhungu, aliyekuwa karani katika kiwanda kimoja cha Athi River. Kitengela ya siku zile ilikuwa vibanda, barabara ya Namanga, na udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hukuvua viatu bila kukuomba ruhusa. Nanjala akakodi meza sokoni, akauza sukuma wiki na nyanya. Wanawake wa Kimaasai waliokuja kuuza maziwa walipita kwake wakirudi, na kubishana nao juu ya fungu la mboga ndiko kulikomfundisha. Hakuna mwalimu wa lugha kama mteja mbishi.

Na kiasi chenyewe je? Hicho alikuja nacho kutoka kwao. Babake alikuwa mlevi wa kupigiwa mfano, mtu wa kucheka sana, kulia sana na kuvunja vitu sana, na binti alikua akiapa kwamba yeye hatafanya chochote sana. Kanisani wakamwambia kiasi ni tunda la Roho, akafurahi kusikia kwamba uoga wake una jina zuri hivyo. Ukimwuliza Nanjala habari ya nyumbani, alikujibu kiasi. Ukimwuliza kichwa kinauma namna gani, kiasi. Wanawake wa chama chao cha akiba walimpenda kwa hilo. Mtu asiyelalamika hana gharama.

Mwaka wa 1995 kiwanda kikapunguza watu, na Lennox alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mwimbaji wa besi katika kwaya, na kwa muda wa miezi kadhaa aliendelea kuamka asubuhi, kuvaa tai na kutoka, ili majirani wasijue. Nanjala alimwacha avae. Mapato ya meza ya mboga hayakutosha watu watano na kodi ya nyumba. Watoto walikunywa uji mwepesi, kisha chai kavu, kisha maji yenye jina la chai. Miguu ya Elsie, kifungua mimba wao, ikaanza kuvimba.

Jumapili, kabla ya ibada, Nanjala aliwapanga watoto mlangoni na kuwapaka Kimbo kidogo, yale mafuta ya kupikia, midomoni. Midomo ikang'aa kama ya watu waliotoka kutafuna nyama. Wakaingia kanisani hivyo, waking'aa, na waumini wakasema familia ya Wakhungu inaendelea vizuri. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwa na mume anayesimama mbele ya kanisa zima akiimba besi.

Aliyefichua ni jirani, Gathoni, mwenye duka la pembeni, mama aliyezoea kumpima kila mtu kwa macho kama anapima sukari. Aliiona ile miguu ya Elsie. Hakumwuliza Nanjala, maana alijua angejibiwa kiasi. Alienda moja kwa moja kwa mchungaji. Jumapili iliyofuata mchungaji akatangaza kwa sauti ya upendo, "Tumkumbuke ndugu yetu Wakhungu, ambaye watoto wake wanalala njaa." Unga ukaletwa mbele, maharagwe yakaletwa, mafuta yakaletwa. Lennox alikuwa amesimama pale pale mbele ndani ya joho la kwaya. Akalivua, akalikunja vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akaliweka juu ya benchi, akatoka.

Nyumbani aliuliza swali moja tu.

"Mama Elsie, ni wewe uliwaambia?"

"Si mimi, Baba Elsie. Haki si mimi."

Hakubisha. Alienda Namanga kupakua malori, akakaa huko zaidi ya mwaka, na aliporudi alikuwa mtu aliyepungua sauti. Hakuimba tena, hata akiwa anaoga. Watoto walikula siku ile wakashiba, na miguu ya Elsie ikarudi kuwa miguu. Lakini hilo Nanjala hakuliweka kwenye hesabu. Alichojifunza yeye ni kwamba njaa hupita na aibu hukaa, na kuanzia siku hiyo alimsalimia Gathoni kwa kidevu tu.

Nanjala huyo ndiye mwanamke ambaye masista walimweka kati yao na akina mama.

Sista Remedios alimpa sheria moja ya kazi. "Sema wanachosema. Usiongeze, usipunguze." Sheria hiyo ilimkaa Nanjala kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Mama akisema mtoto ana homa, homa. Akisema anakohoa, anakohoa. Taratibu Kihispania kikaanza kumwingia pia, kwanza majina ya maumivu, fiebre, tos, hambre, yaani homa, kikohozi, njaa, kisha maneno ya kawaida kama leche, ambayo ni maziwa, na nada, ambayo ni hakuna. Baada ya mwaka mmoja Kiingereza kikawa kinatumika pale Kihispania kinapokwama. Jioni, kabla ya kufunga, wawili hao walikaa na ile kamusi na chai, Sista akitafuta neno na Nanjala akilitafutia mwenzake. Zilikuwa saa nzuri, labda nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo.

Halafu ukaja ukame wa mwaka 2000. Aliyeuona hahitaji kuelezwa, na asiyeuona hawezi kuelezwa akaamini. Nyasi ziliisha hadi mizizi. Wanaume walihama na ng'ombe, wengine kuelekea Namanga na ng'ambo ya mpaka, wengine hadi kwenye bustani za watu Nairobi, na ng'ombe walioshindwa kutembea waliachwa kando ya barabara na mizoga yao ilinuka hadi kwenye chumba cha dawa. Maziwa yalihama na ng'ombe. Waliobaki bomani ni akina mama, watoto wadogo na punda.

Zahanati ikageuzwa kuwa mahali pa kulisha watoto. Vitanda vilikuwa vichache, na mtoto mmoja akilazwa, mwingine alikosa. Sista alikuwa na utepe wa rangi wa kupima mkono wa mtoto. Ukisimama kwenye nyekundu, mtoto hulazwa bila maneno. Ukisimama kwenye kijani, anarudi kwao. Waliomsumbua Sista ni wale wa njano, wa katikati, nao walikuwa wengi kuliko wote. Hao aliwauliza mama zao swali moja: nyumbani anapata maziwa? Akipata, Sista aliandika moderado kwenye kadi yake, akampa mama unga wa uji, akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Asipopata, alitafutiwa kitanda hata kama ni sakafuni.

Sasa, kuna jambo moja ambalo Sista hakulijua na Nanjala alilijua. Mke wa Kimaasai hasemi mbele ya wageni kwamba nyumba yake haina maziwa. Ng'ombe anaowakamua ni wale aliogawiwa na mumewe. Kusema hakuna maziwa ni kusema hakuna ng'ombe, na kusema hakuna ng'ombe ni kumvua mume nguo barabarani. Ukimwuliza kama yapo, anakujibu yapo. Hadanganyi, anafunika. Kwa hiyo swali la Sista lilikuwa swali la kijinga, tuseme ukweli, lakini aliliuliza kwa nia njema, na aliyejua kwamba ni la kijinga alikuwa ameajiriwa asiongeze wala asipunguze.

Naipanoi alifika siku moja kabla jua halijakuwa kali. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine, msichana aitwaye Nasieku, ameshika ncha ya shuka lake. Mumewe, Kisemei, alikuja naye akasimama mlangoni na fimbo mabegani. Alikuwa amerudi kutoka upande wa Namanga. Alienda na kundi, akarudi na fimbo.

Wa mgongoni alikuwa wa kiume, bado hajaanza kutembea. Jina lake halitatajwa hapa, maana kwao aliyekwenda haitwi tena. Nanjala alimpokea amshike wakati utepe unazungushwa. Utepe ukasimama kwenye njano, karibu kabisa na nyekundu, kiasi kwamba Sista aliinamisha miwani yake kuangalia mara ya pili. Njano.

Na hapo Nanjala akaiona midomo. Ilikuwa inang'aa. Mtoto mwenye ngozi kavu kama karatasi, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu, na midomo imepakwa mafuta ya kondoo ikang'aa vizuri, pembe hadi pembe. Nanjala hakuhitaji kuuliza chochote. Aliijua kazi ile, aliijua hata namna kidole kinavyopita.

"Mwulize," Sista akasema. "Anapata maziwa?"

Nanjala akauliza kwa Kimaa. Naipanoi hakumtazama Sista. Alimtazama Kisemei mlangoni, kisha akamtazama Nanjala usoni, mwanamke kwa mwanamke.

"Anapata," akasema. "Asubuhi na jioni."

Kila kitu kilikuwa katika macho yale: nifunike. Nanjala akamwona Lennox akikunja joho. Akaona jinsi nyumba inavyokaa kimya baada ya mtu wa nje kusema ukweli wake. Naye akafanya kile alichoamini kuwa ni huruma.

"Leche," alimwambia Sista. "Moderado."

Sista alisita. Alimgusa mtoto shavuni, akatazama vitanda, akahesabu kwa macho. Kisha akaandika. Naipanoi akapewa unga wake, akashukuru, akamfunga mtoto mgongoni. Alipopita karibu na Nanjala alimgusa mkono kidogo. Ilikuwa shukrani, na Nanjala alienda nayo nyumbani akiamini ameokoa mtu.

Siku ya kurudi, Naipanoi alikuja peke yake. Nanjala alimkuta kwenye kivuli cha ukuta, na mgongo wake ulikuwa tupu.

"Takwenya, Naipanoi."

"Iko."

"Boma liko namna gani?"

"Sidai."

"Kisemei?"

"Sidai."

"Watoto?"

"Sidai." Ndivyo salamu zinavyokwenda. Kwanza yote ni mazuri, habari hufuata. Naipanoi akazimaliza zote, kisha akasema, "Yule mdogo hayuko. Alienda ile siku ya nne."

Alikuwa amekuja kuchukua unga wa Nasieku. Hakulia. Aliuchukua, akaufunga, akaondoka akifuata njia ya punda.

Nanjala alipeleka habari ndani. Sista Remedios alivua miwani, na bila miwani alionekana kama mwanamke yeyote tu aliyechoka.

"Alisema maziwa, sivyo?" aliuliza.

"Alisema."

"Basi ni mimi. Ilikuwa karibu na nyekundu, niliona. Ningemlaza tu."

Na Nanjala akanyamaza. Hapa ndipo mtu anatamani kumshika mabega amtikise. Mwanamke mwenye lugha tano mdomoni, anamwacha mgeni abebe mzigo usio wake, kwa sababu hajazoea kusema zaidi ya alichoulizwa! Sista aliubeba. Kwa siku nyingi alikula kidogo na kusali sana, na kila mara alipoandika moderado kwenye kadi mkono wake ulisimama kwanza juu ya karatasi. Jioni alikuwa hafungui kamusi tena.

Nyumbani Kitengela, Lennox aliona kitu. Alikuwa amepata kazi ya kulinda ploti za watu walionunua na hawajajenga, na alirudi mapema.

"Uko na nini, Mama Elsie?"

"Ni kazi tu."

"Imekuwa nyingi?"

"Ni kiasi."

Elsie alikuwa anapiga pasi sare yake ya shule. Alikuwa amefika kidato cha kwanza, msichana mrefu kama babake, mwenye miguu ya kukimbia. Nanjala aliitazama ile miguu hadi mtoto akauliza, "Mum, ni nini?" Nanjala alikuwa ameona jambo ambalo alilikataa kwa miaka mitano. Kama Gathoni angekuwa mwanamke wa kiasi, Elsie asingekuwepo hapo na pasi. Alitoka nje kwenye upepo, akasimama karibu na kamba ya nguo, akalia kwa namna ambayo hakuwahi kulia, kwa sauti, hadi kuku wa jirani wakakimbia. Lennox alitoka, akasimama mlangoni. Hakuwa amewahi kumwona mkewe akifanya kitu sana.

Mvua haikuja. Naipanoi alirudi tena, safari hii akimbeba Nasieku mgongoni, msichana ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa anatembea. Kisemei hakusimama mlangoni. Aliingia hadi ndani, akaegemea ukuta wa mabati. Kama kuna mtu anafikiri mwanamume huyu alikuwa mbaya, amekosea. Alikuwa amemleta mtoto kwa miguu kutoka mbali, akibadilishana na mkewe kumbeba, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawakulifanya hadharani.

Utepe ukazungushwa. Njano.

Midomo ya Nasieku iling'aa.

"Mwulize," Sista akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa jibu.

Nanjala akauliza. Naipanoi akamtazama mumewe, kisha akamtazama Nanjala, macho yale yale. "Anapata," akasema. "Asubuhi na jioni."

Nanjala akamgeukia Sista.

"Nada," alisema. "Hakuna. Hajanywa maziwa, hawana hata ng'ombe mmoja, na midomo hiyo ni mafuta yamepakwa."

Sista aliuweka utepe mezani. "Amesema hivyo?"

"Hapana. Yeye anasema yapo. Mimi ndiye ninasema hakuna."

Sista hakuuliza la pili. Aliinuka, akaanza kuwasogeza watoto wawili kwenye kitanda kimoja ili wa tatu aingie. Muuguzi akaja kumchukua Nasieku. Naipanoi alimshikilia mtoto, hakuelewa. Kihispania hakukijua, lakini alijua kusoma jinsi watu wanavyosogea.

Aliyezungumza ni Kisemei, kwa Kiswahili chake cha mnada wa ng'ombe.

"Ngoja, mama. Hii rangi mimi naijua." Alielekeza fimbo kwenye utepe uliobaki mezani. Mtu anayetofautisha ng'ombe mia kwa rangi zao hadanganywi na utepe. "Hii ni ile ile ya yule mwingine. Hiyo siku mlisema twende na yeye nyumbani. Leo rangi ni hiyo hiyo, bibi amesema maneno hiyo hiyo, na mnasema huyu abaki. Ni nini imebadilika?"

Palikuwa na njia ya kutoka, na Nanjala aliiona wazi. Angesema sheria imebadilika. Angesema vitanda vimeongezeka. Ungekuwa uongo mdogo, wa heshima, uongo wa kiasi, na boma la watu lingebaki na blanketi lake.

"Ni mimi nimebadilika," alisema. Kisha akalirudia kwa Kimaa, ili Naipanoi asikie kutoka kwake. "Leo nimemwambia Sista kwamba hakuna maziwa."

Kisemei aligeuza uso wake ukutani. Mabega yake yalishuka kama ya Lennox yalivyoshuka ndani ya joho, na Nanjala aliumia kuyaona, lakini aliyemwogopa sasa si yeye. Naipanoi alikuwa amesimama wima na mtoto mikononi, akipanga jambo kichwani, moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayehesabu mifugo jioni na kuona mmoja hayupo.

"Yeyo," aliita, kwa ile heshima anayopewa mama mtu mzima. "Leo umejuaje?"

"Kwa midomo. Mimi pia niliwahi kuwapaka wangu."

"Hiyo siku nyingine, alikuwa amepakwa pia."

"Alikuwa amepakwa."

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukajua."

"Nilijua, Naipanoi."

Nanjala alingoja kofi, alingoja laana. Angeyapokea. Naipanoi hakuinua mkono wala sauti. Aliuliza tu, na kwa kweli alitaka kujua.

"Mimi ni mke wa huyu. Nilisema vile mke husema. Wewe hapo, ulikuwa unamfunika mume wa nani?"

Sista aliuliza kwa Kiingereza, anasema nini, anasema nini. Nanjala alifungua mdomo afasiri, kama alivyofanya kila siku kwa miaka miwili, asiongeze wala asipunguze, na hakuna lugha iliyotoka.

Naipanoi alimpita. Alimlaza Nasieku kitandani kati ya wale watoto wawili, akachukua pembe ya shuka lake jekundu, akaifuta midomo ya mwanawe hadi ikakauka. Kisha akasimama mbele ya Sista Remedios, na mumewe akiwa palepale anasikia, akatafuta maneno ya Kiswahili aliyokuwa nayo, yale ya mwanamke aliyewahi kuuza sokoni, akayasema moja moja.

"Maziwa hakuna. Hata ya yule, hakuna."

Sista aliitikia kwa kichwa, akachukua kalamu. Hakumtazama Nanjala ili apate tafsiri.